Dawati la Msaada

Kwa heshima na taadhima, uongozi wa shule ya bweni ya wavulana iliyo juu ya mji wa Kef unautangazia ulimwengu kwamba Mpango Mkuu wa Kuwainua Wavulana Wenye Tabia Mbaya na Alama Mbovu umekwisha kuanza.

Mpango wenyewe ulikuwa dawati. Lilikuwa na miguu mitatu. Wa nne ulikuwa tofali.

Liliwekwa nyuma kabisa ya darasa, ili anayesaidiwa apate utulivu. Kila alipokosea, dawati lilirudi nyuma hatua kadhaa, na sakafu ikarefuka kulifuata. Fundi wa shule alikuja, akapima, akaomba vigae vingine.

Wa kwanza kusaidiwa alikuwa Wanis. Kufikia Desemba alikuwa ameipita kona, maana darasa huko mbali lilikuwa limeota kona. Mwalimu Lamjed wa hesabu alipoita majina, "nipo" ya Wanis ilifika akiwa ameshaita wengine watatu. Mwezi wa Januari haikufika kabisa. Mwalimu alimwekea alama ya vema vilevile, kwa kuwa hakuna aliyemwona akitoka.

Likaletwa dawati la pili, akapewa Nidhal, aliyekuwa mwepesi wa kucheka na mzito wa kusoma. Kufikia Machi alikuwa hatua mia na arobaini kutoka ubaoni, na ubao aliuona mdogo kama stempu. Asichokiona hakuweza kukinakili. Asiponakili alipata sifuri. Sifuri ilikuwa kosa. Nyuma yake, kutoka kwenye kona, ulikuja upepo wa baridi pamoja na sauti ya penseli ikikwaruza karatasi bila kupumzika. Nidhal hakugeuka. Alilishika dawati kwa mikono miwili. Kosa moja tu, naye angeipita kona.

Jumanne moja mtu alipaka harissa, pilipili yetu ya kusaga, kwenye kifutio cha ubao. Mwalimu Lamjed akafuta ubao, kisha akajifuta macho.

"Nidhal," alisema, akiwa amefumba macho.

"Mwalimu, mimi niko huku," sauti ilitoka mbali. "Kifutio kiko huko."

"Unanijibu?"

Kujibu kulikuwa kosa la pili.

"Oya Nidhal, tusalimie Wanis," mmoja akapaza sauti, na darasa likacheka.

Shuleni hapo mzazi akiitwa hutia saini langoni kwanza, ndipo huambiwa kosa la mwanawe; saini hiyo ndiyo huthibitisha kosa la utundu, ndipo dawati lisogee. Mama yake Nidhal, Bi Mbarka, alimwachia jirani kondoo, akaja, akatia saini. Kutoka mlangoni hadi kwa Nidhal alitembea muda mrefu. Darasa refu lina mwangwi, kwa hiyo wote walisikia.

"Mama, sikupaka mimi."

"Najua, kipenzi. Mikono yako hainuki."

"Basi waambie."

"Nimeshatia saini, mwanangu. Nilidhani ni ya kuingilia."

Alimpa mkate, akamfunga mtandio wake shingoni.

"Mama, ukiniita nitasikia?"

"Wewe itika tu. Hata usiposikia, itika."

Alipokuwa akirudi alisimama kwenye dawati la mstari wa pili, karibu na dirisha. Akaushika mkono wa mvulana aliyeketi hapo, akaunusa, akaupangusa kidole kimoja kimoja kwa ncha ya nguo yake, kama wa mtoto aliyetoka kula.

"Ungeniambia," alisema, "ningekuletea mkate wa kulia pilipili."

Alikwenda zake kuwahi basi.

Siku ya pili, kabla ya kipindi cha jiografia, dawati liliipita kona. Fundi aliomba vigae.

Msimulizi mwenye adabu angeishia hapa. Lakini mtauliza nimejuaje kwamba kitambaa cha yule mama kilikuwa na joto la mkate, na kwamba vidole viliendelea kuwasha wiki nzima. Vidole ni vyangu. Hata ile salamu ya Wanis niliituma mimi.

Sijamwambia mtu. Kila asubuhi jina la Nidhal likiitwa, tunanyamaza kumsikiliza. Bado anasikika, ukiziba sikio moja. Mwalimu anatia vema, tunafungua vitabu. Nimeketi mahali pazuri. Naona ubao wote.