Joto Nje ya Ua

Jumanne asubuhi, Edinah Nyanchoka alikuwa akitoboa udongo kwa kekee ndefu chini ya vilima vya Homa. Alitumwa kupima zebaki na hewa zinazopenya kutoka ardhini, kwa maana zinapozidi huenda chini kuna moto wa kuzalisha umeme. Ramani yake ilitaka shimo kila baada ya mita mia mbili. Moja liliangukia nje ya ua wa mjane Risper, kando ya kaburi la bintiye Dorine.

Dorine alikufa bila kuolewa, na kwa mila za hapo binti wa namna hiyo hazikwi ndani ya boma. Kila mvua iliponyesha, Risper alikosa usingizi akiwazia baridi inayompata mtoto wake huko nje.

Kekee ilipofika kina cha mita moja, Dorine alisalimia kutoka chini, mama yake akiwa amesimama kando.

"Mama, huku ni joto. Wacha kulia sasa."

Edinah alingoja amalize, kisha akateremsha kipimo, kwa sababu maongezi huvuruga hesabu ya hewa. Hakuna shimo lingine lililokuwa na joto kama hilo.

Risper aliketi chini akacheka huku machozi yakimtoka. "Erokamano, nyathina," alimwambia Edinah. "Asante sana, mwanangu. Miaka hii yote nilidhani anatetemeka." Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone; huyu alikuja na kekee, na mwenyeji akapona kweli. Risper alimfungia kuku, akamwomba asilifukie lile shimo. Edinah akakubali.

Kisha Risper alimwita Boaz, kaka wa marehemu mumewe na mkubwa wa boma, ili Dorine ajiombee mwenyewe.

"Baba mkubwa," Dorine alisema, "nirudisheni nyumbani."

Boaz alivua kofia. "Umeomba kwa heshima, mtoto wangu. Lakini tukikuingiza, mkosi utawaangukia dada zako, hawataolewa."

"Haya. Na magoti yako?"

"Bado yananisumbua."

"Basi kuja uyapashe joto huku."

Jioni Boaz alileta kiti, akakunja suruali, akanyoosha miguu karibu na shimo. Risper alikaa upande wa pili akimshukuru Mungu kwa sauti. Maumivu yalipopungua, Boaz naye alimshukuru Dorine kwa moyo wote, akamwita nguzo ya nyumba yao. Kisha akabeba kiti chake, akaingia bomani na kufunga lango.