Kisogo cha Mama

Msusi alikuwa ameshakwenda ofisi ya nyaraka mara nyingi hata mlinzi hamwulizi tena. Alichotaka ni kisogo cha mama yake, basi.

Kwenye tovuti yao kulikuwa na picha ya mwanamke, iliyopigwa kwa nyuma ili msuko uonekane. Chini waliandika: "Mwanamke, msuko. Mpiga picha hajulikani." Mpiga picha hajulikani, sawa, lakini mwanamke yule mtaa mzima ulimjua: mama yake Msusi, naye msusi. Mistari ilishuka kutoka utosini, ikakutana kisogoni na kufungana yenyewe, bila fundo wala uzi. Mama alipowasuka wateja, akifika hapo alipafunika kwa kiganja, hata binti yake asione. "Tulia wewe, hapa ndipo penye riziki yangu. Nitakufundisha." Kifo hakikungoja. Na kwa kuwa kinyozi hajinyoi, mama alisukwa na dada yake, ambaye naye alishazikwa. Wateja wa zamani walikumbuka walivyopendeza tu, kwani nani ana macho kisogoni?

Picha ya tovuti ilikuwa ndogo; ukiikuza, mahali penyewe panageuka ukungu. Kubwa ipo kwenye hifadhi yao, imefungwa.

"Dada yangu, nakuelewa," alisema afisa wa hakimiliki, sauti laini kama ya muuguzi mwenye sindano. "Ila bila ruhusa ya mpiga picha siwezi kuifungua."

"Si mnasema hamumjui?"

"Hatumjui."

"Na kama alishakufa?"

"Tunahesabu miaka tangu afe. Ikitimia, tunaifungua kwa watu wote."

"Mtaanza kuhesabu lini, na hamjui kama amekufa?"

Afisa alipanga karatasi zilizokuwa zimeshapangika. "Ndiyo sheria, dada."

"Na mama yangu je? Kichwa si chake?"

"Kichwa chake, picha siyo. Tena uso hauonekani, kwa hiyo hata hilo ni neno lako tu."

Msusi alirudi saluni, akasuka watu siku nzima. Alimkasirikia afisa, akamkasirikia na marehemu mama yake kwa kumficha, kisha akajionea aibu kwa hilo la pili.

Wiki hiyohiyo akaja bibi harusi mtarajiwa, simu mkononi. "Nisuke hivi."

Mistari ilikuwa ya mama, mmoja baada ya mwingine, juu ya kichwa cha msichana asiyekuwapo duniani. Mteja alieleza kwamba picha imechorwa na kompyuta. Unaiandikia unachotaka, inakupa. Ilikuwa imemeza ile ndogo ya tovuti bila kumwomba mtu ruhusa, na palipokuwa na ukungu ikajitungia: kisogoni nywele zilirundikana ovyo, hazitoki popote wala haziendi popote.

"Hapa pamekosewa," Msusi alisema.

"Wewe fanya kama ilivyo. Kila mtu anautaka huu sasa."

Kazi ni kazi. Alisuka hadi kisogoni, vidole vikasita, akajaribu huku na huku. Mwishowe alizirundika kama zilivyo kwenye simu, akazibana kwa uzi mweusi. Mteja alipiga picha akairusha mtandaoni kabla hajainuka kitini.

"Ndio wenyewe kabisa," alisema, akijitazama.

"Siyo wenyewe."

"Nani atajua, dada?"

Msusi alitafuta mtu wa kumtaja, akakosa.