Moshi wa Uwanja wa Kiseke

Asubuhi hiyo Rozina, mtafiti wa wizara, aliwakuta wanafunzi wa kidato cha pili wakifagia darasa, katika shule moja upande wa Kiseke, Mwanza. Alisubiri vumbi litulie, akakaa kwenye meza ya mwalimu, akaanza kuwaita mmoja mmoja. Serikali ilitaka kujua ni vijana wangapi wanavuta sigara.

Wa kwanza alikuwa Collins.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umewahi kuvuta sigara?"

"Hapana."

Moshi ukamtoka mdomoni pamoja na jibu. Ulikuwa mwembamba, wa buluu, nao haukutawanyika. Ulipita dirishani ukaelekea uwanja wa mpira. Collins aliusindikiza kwa macho, akakohoa, akaomba radhi.

Waliokubali walitoa moshi. Waliokana walitoa moshi vilevile. Akumu, binti wa kwaya ya kanisani, alitoa mwingi kuliko wenzake.

"Ulianzia wapi kuvuta, mwanangu?"

"Hapo uwanjani, siku ya michezo. Kuna dada walikuja na gari la muziki, wakagawa sigara bure. Walituwashia wenyewe."

"Walimu walikuwepo?"

"Walikuwepo. Walipewa fulana."

Mchana shule nzima ilitoka nje. Moshi ulikuwa umesimama katikati ya uwanja, nguzo moja ndefu kupita majabali ya mlimani, imenyooka ingawa upepo wa ziwa ulikuwa unainamisha miti. Juu kabisa jua liliupiga ukang'aa kama magamba ya samaki. Kina mama waliokuwa wakianika dagaa walisimama. Wavuvi walivua kofia mitumbwini. Akumu alianza kuimba kwa sauti ya chini, na wenzake wakamwitikia, kila mwitikio ukiongeza urefu wa nguzo.

Rozina aliketi kwenye nyasi.

Mwalimu mkuu, Mihayo, alikuja akasimama kando yake.

"Mwalimu, gari lile nani aliliruhusu?"

"Mimi. Tumeambiwa siku hizi kila shule ijitafutie vifaa. Kampuni ya sigara ilituletea madawati. Watoto walikuwa wanakaa chini, mama."

"Sasa wanakohoa."

"Wanakohoa wamekaa."

Rozina aliwaandikia wakubwa wake kila alichokiona, akawaomba walizuie gari lile. Wizara ilimshukuru, ikasema moshi huo unaonekana vizuri hata kutoka mjini, ikamwagiza arudi mwakani kuupima.

Watu waliuzoea. Marubani waliokuwa wakitua Mwanza waliuzunguka, na ndege wa ziwani wakapumzika juu yake.

Jumamosi gari la muziki lilirudi. Jua lilikuwa kali. Dereva alitafuta mahali, akaliegesha kwenye kivuli cha moshi, na watoto wakapanga foleni humo humo, penye ubaridi.