Ruhusa ya Mdomo

"Mwalimu, ulimpa ruhusa au hukumpa?"

Swali lilikuwa fupi kama kofi. Wajumbe saba wa kamati ya nidhamu walimgeukia mwalimu, na kalamu ya katibu ikasimama juu ya karatasi. Mwishoni mwa meza alikaa msichana ambaye darasa zima lilimwita Siafu, kwa kuwa hapakuwa na upenyo asioupita. Hakuonyesha wasiwasi. Alimtazama mwalimu wake kama mtu aliyekaa kituoni muda mrefu na sasa anaona gari lake linakuja.

Mwalimu alikuwa amefundisha usalama wa mitandao kwa miaka kumi na sita. Kila muhula aliwaambia wanafunzi maneno yaleyale: mfumo usiojaribiwa ni nyumba ambayo mlango wake haujawahi kusukumwa, mwenyewe hulala unono mpaka siku mwizi atakapousukuma. Wengi waliyaandika, wakafaulu mtihani, wakayasahau. Siafu aliyanywa kama mchanga unavyokunywa maji.

Mchana mmoja, wenzake wakiwa wamekwenda kula, alimwita maabarani. "Mwalimu, hebu njoo uone maajabu." Alikuwa amefungua matokeo yake mwenyewe kwenye mfumo wa chuo. Akabadilisha tarakimu moja katika anwani ya ukurasa, akabonyeza. Yakatokea matokeo ya mtu mwingine: jina, simu, hata ugonjwa uliomfanya aahirishe mtihani, vyote vimeanikwa kama nguo kambani.

"Funga hiyo!" mwalimu alisema. Kisha udadisi wa kazi ukamshinda. "Ngoja. Jaribu namba nyingine, tujue ni moja au ni zote."

Akajaribu. Zilikuwa zote, za wanafunzi elfu nane.

"Andika barua," mwalimu alimwambia. "Eleza ulichokiona, usifiche kitu. Nitaipeleka mwenyewe kwa mkuu wa kituo cha kompyuta. Yule ni shemeji yangu, hatutasumbuka."

Hapo ndipo alipoteleza. Shemeji huyo, kaka wa mkewe, ndiye aliyeujenga mfumo ule kwa mikono yake, na mtu hapendi kuambiwa mwanawe ana kengeza. Aliisoma barua akiwa wima.

"Shemeji, umekuja kunivua nguo?"

"Nimekuletea habari kabla adui hajakuletea."

"Huyu binti ameingia jikoni kwangu akafunua vyungu. Kwa jina lake hasa, huo ni wizi." Aliikunja barua mara nne. Kisha akaongeza, kwa upole uliotisha kuliko ukali, "Na kama yupo mkubwa aliyemtuma, naye atatajwa. Mikataba yenu si inapitiwa mwezi ujao? Dada yangu asije akalia bure."

Siku tisa baadaye barua ileile ililazwa mbele ya kamati kama kisu kilichokutwa na damu. Ushahidi wote, tangu mstari wa kwanza hadi sahihi, alikuwa ameuandika mshitakiwa kwa mkono wake.

"Mwalimu?" mwenyekiti alimkumbusha.

Alikusudia kusema ndiyo. Baadaye angeapa kwamba alikusudia. Lakini shemeji alikuwa amekaa karibu na dirisha, akimtazama kwa uso wa mtu wa nyumbani.

"Sikutoa ruhusa yoyote ya maandishi," alisema.

Ilikuwa kweli, kila neno. Katibu akaandika. Siafu aliinamisha macho taratibu, kama mtu anayemsitiri mwenzake aliyefunuliwa na upepo.

Alifukuzwa muhula mmoja kabla ya kuhitimu.

Mama yake, fundi cherehani mwenye mabega membamba, alikuja kumchukua siku ya Alhamisi. Mwalimu alimkuta kwenye ngazi za bweni akihangaika na begi.

"Ndiwe mwalimu wake wa kompyuta?" aliuliza, akalitua. "Mwanangu ameniambia ulimpigania mpaka sauti ikakukauka. Mungu akulipe, baba."

Mwalimu angeweza kuitikia amina, yakaisha. Uongo ule alikwisha kushonewa na msichana yuleyule ambaye yeye alimwangusha. Kilichobaki ni kuuvaa.

"Mama," alisema, "sikumpigania. Mimi ndiye niliyemwambia ajaribu. Waliponiuliza, nikakwepa."

Mwanamke alimtazama, kisha akalitazama begi. Angalau angetukana, mwalimu angepata pa kupumulia.

"Basi shika huku," mama alisema, akimwonyesha mshikio wa pili wa begi. "Ni zito."

Wakalibeba pamoja hadi langoni. Siafu alikuwa akimkabidhi mlinzi kitambulisho chake. Alipowaona wanakuja vile, alimsoma mama yake usoni, akaelewa.

"Nitakwenda kwa mwenyekiti," mwalimu aliharakisha. "Leo hii. Nitasema yote."

"Shauri limefungwa, mwalimu." Sauti ya Siafu haikuwa na uchungu, haikuwa na kitu. "Lile tundu je, wamelifunga?"

"Bado," mwalimu alisema. "Wanasema wanasubiri likizo."

Kwa nukta moja macho ya msichana yaliwaka kama zamani maabarani. "Lakini ni kazi ya dakika kumi! Nimeeleza kwenye barua, ukurasa wa pili..." Akajikatiza. Ule mwanga ukazimika, na mwalimu akauona ukizimika.

"Nitawaambia tena," alisema.

"Waambie," Siafu alijibu. Akageuka kumwangalia mlinzi, kisha akashusha sauti. "Ila jina langu usilitaje."

Akauchukua mshikio kutoka mkononi mwa mwalimu. Mama na mwana wakavuka lango, begi likining'inia katikati yao, wakashika njia upande wenye kivuli.

"Mwalimu," mlinzi aliuliza, mkono ukiwa kwenye komeo, "unatoka au unabaki?"

Ilikuwa saa nne kasorobo. Darasani wanafunzi sitini walikuwa wakimsubiri awaambie yaleyale ya mlango usiosukumwa.