Bomba Lililopewa Ruzuku

Haya ni kweli tupu, na naapa kwa meno yangu manne yaliyobaki. Chumvi sijatia hata chembe. Daktari mwenyewe alishanikataza.

Kikohozi alikuwa bomba kwa miaka thelathini. Si fundi bomba, bomba lenyewe. Alikuwa mkuu wa kikundi cha vichekesho kilichofanyia kazi zake katika ukumbi wa manispaa, nyuma ya ofisi ya maji, na katika mchezo wao uliopendwa kuliko yote alisimama katikati ya jukwaa, mkono mmoja kiunoni, mwingine umepinda mbele, wenzake wakampangia ndoo. Wakimfungua, anakohoa. Anakohoa upepo, anakohoa kutu, anatetemeka mpaka magoti, kisha anadondosha tone moja, tena kwa huruma tu. Watu walicheka hadi wakaegemea mabega ya wasiowajua. Kila mmoja alikuwa na bomba la namna hiyo kwake.

Ndipo ikaja barua: ukumbi unahitajika kuhifadhia viti vya mikutano ya kampeni, kikundi kihame kabla mwezi haujaisha. Tumaini lilibaki moja, Mfuko wa Sanaa, uliokuwa ukiwalipia wasanii kumbi zao, mradi msanii awe huru kabisa kusema jambo lolote zuri.

Kikohozi alijaza fomu pamoja na mkewe, ambaye kila mtu alimwita Mama Pazia kwa sababu nguo zote za mchezo alizishona kwa mapazia makuukuu. Swali la tisa liliuliza: wananchi wangapi watacheka?

"Andika mia nne," Mama Pazia alisema. "Serikali haipendi wanyonge."

Wiki ya pili Mfuko ukamleta afisa wake, kijana wa shati lililopigwa pasi mpaka likaogopa kukunjika. Akatazama mazoezi kimya kama aliyeketi msibani.

"Mzee, mchezo mzuri sana," alisema. "Kuna kadosari kamoja tu. Bomba halitoi maji."

"Ndio mchezo wenyewe huo, mwanangu."

"Naelewa. Lakini siku ya onyesho Mheshimiwa atakuwepo, na yeye ameshasema maji yapo."

"Sasa likitoa maji, mimi pale nitakuwa nafanya nini?"

"Utatoa maji."

Mama Pazia akaweka sindano chini. "Hebu nikuulize, mwanangu. Wewe huwa unacheka?"

"Kazini sicheki, mama. Nahesabu." Akatoa mfukoni kidude cha kubonyeza, kama kile cha kuhesabia watu mlangoni. Kila kicheko, mbonyezo mmoja. Vikifika mia nne, ukumbi wenu. Vikipungua, ukumbi wa viti.

Usiku wote Kikohozi hakupata usingizi. Kuliondolea bomba lile kikohozi ni kumng'oa simba makucha, kisha kumwambia aungurume kwa adabu. Lakini mwenye shida hachagui tiba. Akakubali.

Siku ikafika. Manispaa ikaegesha lori la maji nyuma ya ukumbi, mpira ukapitishwa ndani ya suruali ya Kikohozi, ukapanda mgongoni, ukatokea kwenye mkono wa shati. Watu walijaa, wamevishwa kofia mpya za bure. Mheshimiwa akakalishwa mbele, kwenye kiti chenye mito miwili.

Wakamfungua Kikohozi. Maji yakatoka. Meupe, mengi, ya baridi. Hakuna aliyecheka. Dakika ya pili mama mmoja wa safu ya tatu akauliza kwa sauti, "Jamani, hayo ni ya kweli?"

Bomba halisemi, kwa hiyo Kikohozi akatikisa kichwa kuitikia. Yule mama akainuka, akatoka mbio, akarudi na madumu mawili. Basi! Kilichofuata ulikuwa msafara. Ndani ya robo saa foleni ilikuwa imetoka jukwaani mpaka getini.

"Wewe dada, mstari unaanzia nyuma!"

"Nyuma ya nani? Mimi jiwe langu la kushikia nafasi lipo hapa tangu wimbo wa kufungua!"

"Jiwe lako limenikanyaga, liondoe!"

Kikohozi, amelowa kama kifaranga, akamnong'oneza mkewe aliyejifanya kusafisha jukwaa. "Wangapi mpaka sasa?"

Mama Pazia akamtupia jicho afisa. Kidole kimelala juu ya kidude. "Hajabonyeza hata mara moja. Baba, tunahama."

Hapo ndipo Mheshimiwa, kwa furaha ya kuona jukwaa limefurika, akasimama na kushika kipaza sauti.

"Ndugu zangu, mnajionea wenyewe! Hapa kwetu foleni za maji zimebaki historia!"

Watu wenye madumu wakatazamana. Mmoja akacheka kwa pua. Wa pili akamwambukiza wa tatu. Tik, tik, tik, kidude kikaamka. Mheshimiwa akadhani ni shangwe ya maendeleo, akapanda dau. "Kila nyumba ina bomba!" Ukumbi ukapasuka. "Na halikauki hata siku moja!" Mzee mmoja akashikwa na watu wawili asianguke jukwaani na ndoo yake. Afisa alibonyeza mpaka kidole kikavimba, akahamia cha mkono wa pili.

"Mia sita kumi na moja," alitangaza baadaye.

Kikohozi aliona haya. "Bwana afisa, nisikufiche. Waliocheka sikuwachekesha mimi."

"Fomu inauliza wangapi wamecheka, mzee. Haiulizi wamemcheka nani."

Barua ya Mfuko ilikuja upesi. Ukumbi umepona. Ila, kwa kuwa vicheko vyote vilitokea wakati wa hotuba, Mfuko umemtambua Mheshimiwa kuwa msanii mkuu wa kikundi. Asiyekubali arudishe funguo.

"Yaani nimfuate yule nyuma? Mimi?" Kikohozi alifoka.

"Unataka ukumbi, au unataka jina juu ya bango?" mkewe akamuuliza.

Akatia sahihi. Sasa kila mwezi Mheshimiwa huja na kuhutubia, ukumbi hujaa mpaka madirishani, paa limeezekwa upya, na Kikohozi, aliyesimama kando kama bomba la akiba, humtazama kwa wivu wa mtu wa fani. "Haya mambo kajifunzia wapi huyu?" humuuliza mkewe. "Angalia! Wala hatabasamu!"

Nilikuwa nimeishia hapo, nikampelekea Mama Pazia asome. Akasoma yote, akavua miwani.

"Shemeji, umeandika vizuri. Lakini huyu mama wa safu ya tatu, mbona siku ile alikuwa na ndevu?"

Nikajikuna ndevu, nikasema labda taa zilikuwa hafifu.

"Na mbona hukuandika kwamba aliondoka na ndoo yetu ya mchezo juu ya madumu yake?"

Alinisindikiza mwenyewe mpaka dukani. Nilichagua ndoo ya bei ya chini. Akairudisha rafuni, akachukua yenye mfuniko. Nikalipa.