Bibi wa Ijumaa

Gasana hakuwa na Kifaransa. Kiingereza chake kiliishia kwenye bei na asante. Hakuwa na shahada, hakuwa na mjomba wizarani, hakuwa na rafiki wa kumwambia kwamba suti ya zambarau haivaliwi saa nne asubuhi. Haya, ambayo hata mbwa wa jirani alikuwa nayo kidogo, yeye hakuwa nayo kabisa.

Alichokuwa nacho ni duka la vigae pale Sonatubes, jijini Kigali, nyumba ya ghorofa Remera, na binti mdogo, Ikirezi, ambaye Gasana aliapa kumwingiza katika ile shule ya kimataifa ya lugha mbili kilimani, ambako watoto wa mabalozi na watoto wa wakubwa hufokeana kwa Kifaransa na kuombana radhi kwa Kiingereza.

Shule hiyo ilikuwa na desturi yake. Kabla ya kumpokea mtoto ilituma watu nyumbani kwao, waone kama familia inaishi kwa lugha mbili. Maana yake ni zile mbili tu. Kinyarwanda na Kiswahili vilikuwa kama kuku wa uani: vipo, lakini sebuleni havikaribishwi.

Basi Gasana akafungulia redio ya Kifaransa toka alfajiri hadi usiku, akamkaririsha mkewe Uwamahoro sentensi za kukaribisha wageni, kisha akamwendea mama yake, Mukabalisa, aliyemlea uhamishoni Karagwe kwa kuuza pombe ya ndizi.

"Mama, Jumamosi kuna wageni. Utakaa chumbani."

"Wageni waje nisiwasalimie? Kwani nimekufa?"

"Ni Wazungu, mama. Hawana haja ya salamu."

"Mgeni asiyetaka salamu huyo kaja kuiba. Funga kabati."

Jumamosi wakafika. Mkuu wa shule, Madamu Solange, alivaa gauni la kitenge lililoshonwa sokoni Kimironko, akalivaa kwa fahari ya mtu aliyegundua kitenge yeye mwenyewe. Pamoja naye alikuja Winifred, ofisa wa kupokea wanafunzi, Mnyarwanda aliyekulia Kampala, simu mbili mkononi, macho yakipima mapazia. Gasana alimwaga Kifaransa chake chote cha kukariri mlangoni na hakubaki na kitu cha kukalia nacho kochini. Madamu alimtazama kwa tabasamu la mtu anayeonyeshwa mbwa ajuaye kusimama kwa miguu miwili. Kisha akainama, akamwomba Ikirezi amwonyeshe chumba chake.

Gasana alikuwa amefikiria vitabu, redio, hata sabuni ya chooni. Hakufikiria kwamba chumba alichomfichia mama yake ndicho chumba cha Ikirezi, maana bibi na mjukuu walilala pamoja.

Mlango ukafunguliwa. Mukabalisa alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda katika mushanana yake, lile vazi la bega moja la sikukuu, kama mtu aliyejua kuwa ataitwa. Akainuka, akamkumbatia Madamu, shavu hili, shavu lile, mikono bado mabegani, akamuuliza habari za mume, za watoto, za ng'ombe.

"Huyu ni nani?" Winifred akauliza kwa Kiswahili.

"Mfanyakazi," alisema Gasana. "Yaya wa mtoto. Anaitwa Mukabalisa."

Ikirezi akafumbua mdomo. Uwamahoro akambana mkono.

Mukabalisa aliiondoa mikono yake mabegani mwa mgeni taratibu. Alimtazama mwanawe jinsi mtu anavyotazama kitambaa alichokwisha kulipia, halafu akaliona tundu.

"Basi nikawaletee wageni chai, bosi," akasema, akapita katikati yao.

Madamu alipendezwa mno. Alizungumza kwa haraka huku ameshika kifua, na Winifred akatafsiri. Kila Ijumaa shuleni kulikuwa na Kona ya Bibi. Kikongwe alikalishwa mkekani, akawasimulia watoto kidogo kwa Kinyarwanda, wapate ladha. Waliyekuwa naye alivaa miwani na kuangalia simu. Huyu ndiye halisi!

"Mtoto amepata nafasi," alisema Winifred. "Andika barua tu kwamba unamruhusu mfanyakazi wako aje. Lazima iandikwe na mwajiri. Sisi ni shule inayoheshimu haki za wafanyakazi."

Gari lao lilipotoka, Gasana alimfuata mama yake jikoni.

"Mama, yale yalikuwa maneno tu."

"Najua. Na mimi nilisikia maneno tu." Alikuwa akisuuza vikombe. "Huko kwao nitakwenda. Nitakaa mkekani, nitasimulia. Ila barua iseme mimi ni mama yako. Ukiandika mengine, nakwenda kwa dada yako Kayonza, na usinifuate."

"Wakijua nilidanganya watamkataa mtoto!"

"Watamkataa yeye, au watakucheka wewe?"

Gasana alishakisikia kicheko cha Winifred masikioni, kikipanda mitaa yote ya wenye nazo, na kilimtisha kuliko Kayonza.

Asubuhi Mukabalisa akaondoka na furushi lake. Ikirezi alilia getini mpaka baba yake akamwambia alie polepole, majirani wasije wakasikia analia kwa Kinyarwanda.

"Sasa Ijumaa utampeleka nani?" Uwamahoro aliuliza.

"Sokoni Kimironko vikongwe vimejaa. Nachukua mmoja, namvalisha mushanana. Kwa wale, bibi ni bibi."

"Winifred je? Alimwona."

"Winifred aliangalia mapazia."

"Na Ikirezi?"

"Ikirezi atafundishwa."

Jumatatu akaenda dukani. Karani wake, Niyongabo, aliyemaliza sekondari kwa Kifaransa, akaandika aliyoambiwa: kwamba Bwana Gasana, mwajiri, anamruhusu yaya wake mwaminifu, Mukabalisa, kuhudumia shule kila Ijumaa. Kwenye jina hilo kalamu ya karani ilisita.

"Bosi, hili si jina la mukecuru? La mama?"

"Andika."

Gasana akaweka sahihi yenye mikunjo mingi, akalamba bahasha, akaigandamiza kwa ngumi juu ya kigae cha maonyesho. Akatoka nje, akamwita Eddie, dereva wa pikipiki wa kituo cha hapo nje.

"Mpe Winifred wa ile shule ya kilimani, mkononi. Usiikunje."

Eddie akaitia ndani ya jaketi, akawasha pikipiki, akapotea kwenye magari.