Kura ya Verlyn ya Agosti

Kila mwenye mdomo katika baa ya Bev Ijumaa ile alikuwa na wimbo mmoja: angesimama Gordy, tungeshinda. Marlys aliwasikiliza huku akichambua samaki wake wa kukaanga, na hakumwamini hata mmoja.

Gordy ni kaka yake, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa. Agosti, kwenye mchujo wa chama, alibwagwa kwa kura chache na wakili mmoja ambaye viatu vyake havijui tope. Novemba wakili naye kabwagwa na chama pinzani, kiti cha Seneti ya jimbo la Wisconsin, kule Madison, kikaenda hivyohivyo. Sasa wote wanamlilia Gordy. Kugombea tena maana yake ni kuuza ng'ombe, na Gordy alitaka dada yake amwambie kwanza kama watu wake walikuwa naye kweli. Jioni hii angepiga simu.

"Bev, mwenzangu, Agosti ulimpa nani?"

"Gordy, mwingine nani? Mbona unanihoji kama polisi?"

"Wote mlimpa, na bado akaanguka. Mazingaombwe hayo."

"Mwache Bev wa watu," Verlyn, mume wa Marlys, akacheka, bilauri ya brandi mkononi. "Angalau Duane kapata usherifu. Mchujo ulimtoa jasho yule. Bila kura yangu angekuwa anauza chambo sasa hivi."

Uma wa Marlys ukasimama. Duane, aliyegombea usherifu, yaani ukuu wa polisi wa kaunti, ni wa chama kile kingine. Wisconsin michujo yote hufanyika siku moja, na hakuna anayekuuliza unaingia mchujo wa chama gani, lakini unachagua kimoja tu; ukitia alama pande zote mbili, umejiharibia. Aliyempa Duane hakubakiwa na cha kumpa Gordy. Na Verlyn hakuweza kusingizia ujinga, maana Marlys alilihubiri jambo hilo mlango kwa mlango kiangazi kizima, Verlyn akiwa dereva wake.

Walipoingia garini ndipo alipomgeukia.

"Ulimpa Duane."

"Nawinda naye tangu ujana, Marlys."

"Usinifanye mtoto. Uliona Gordy hawezi. Sema tu, nimwambie asijiaibishe tena."

Wakapita mashamba mawili ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa.

"Gordy angeshinda," Verlyn akasema. "Angevuka Agosti, na Novemba angemchapa yule bwana asubuhi tu. Nilijua kabla yako."

"Sasa ilikuwaje?"

"Si alishakuahidi kazi ofisini kwake Madison? Kila usiku nakuona unaangalia vyumba vya kupanga kwenye simu. Hukuniuliza hata siku moja kama nitakuja."

Chumba alichokipenda Marlys kuliko vyote kilikuwa na kitanda cha mtu mmoja. Hasira ilimpanda, aibu nayo ikamfuata nyumanyuma, na hakujua amwonee nani uchungu.

Simu ikaita. Alikuwa Gordy.

"Ungeshinda," Marlys akamwambia, akitazama barabara. "Usiniulize nimejuaje. Chukua fomu, gombea."

"Na wewe utakuja Madison?"

"Nitakuja."

Verlyn akapunguza mwendo, ingawa barabara ilikuwa tupu na nyumbani hapakuwa mbali.